Futi 1,400 juu ya Roxholme

Mtoto wa kaka yangu anasomea urubani Soroti. Alikuja kunitembelea Entebbe wakati wa likizo, na ndani ya jalada la daftari lake la saa za kuruka nikaona amebandika shairi la Kiingereza lenye mistari 14, limechapwa juu ya picha ya mawingu. Nililitambua kabla sijavaa miwani. Shairi hilo hubandikwa kwenye kuta za vyuo vya urubani, na vijana hulikariri kama sisi tulivyokariri sala.

"Aliyeliandika alikufaje?" nikamuuliza.

"Vitani, shangazi. Alikuwa rubani wa Spitfire. Wajerumani walimtungua."

"Wajerumani hawakumtungua. Kaa chini."

Niliongoza ndege nikiwa chini, kwa redio na rada, kwa miaka 26 kabla ya kustaafu. Kazi yetu ni kuzitenganisha ndege tu: hii isiwe pale ilipo ile kwa wakati mmoja. Ukiifanya muda mrefu unazoea kuisoma ajali kutoka mwisho kurudi mwanzo, na neno "bahati mbaya" linaacha kukutosha. Tulizungumza mpaka saa tano usiku, kwa Kiswahili, maana babu yake alikuwa askari na sisi tulikulia kambini Jinja, ambako mtoto wa Kiteso, wa Kilugbara na wa Kiacholi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Haya ni mazungumzo yale. Nimeyapanga kwa ajili ya vijana wengine wanaojifunza kuruka, na kwa wazazi wanaowasindikiza mpaka getini.

Kijana mwenyewe

John Gillespie Magee, aliyeliandika shairi hilo liitwalo "High Flight", alizaliwa Shanghai tarehe 9 Juni 1922. Baba yake alikuwa Mmarekani, kasisi mmisionari nchini China. Mama yake Mwingereza. Baba huyo ndiye aliyebaki Nanjing jeshi la Japani lilipouteka mji mwaka 1937, akayarekodi kwa kamera ya filamu mateso ya raia, na filamu zile zikawa ushahidi. Nalitaja hilo kwa sababu kijana huyu hakukua akidhani kwamba vita ni paredi na tarumbeta.

Alisoma Uingereza, katika shule ya Rugby, na huko akashinda tuzo ya ushairi ya shule. Mwaka 1939 alikwenda Marekani kutembea, vita vikazuka, asiweze kurudi. Alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Yale pamoja na msaada wa karo. Aliiacha. Oktoba 1940, akiwa na miaka 18, alivuka mpaka akajiandikisha katika jeshi la anga la Kanada, nchi yake ya Marekani ikiwa bado haijaingia vitani.

Kanada wakati huo ilikuwa imegeuzwa darasa moja kubwa la marubani. Mkataba wa kuwafunza vijana wa Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand ulitiwa saini Desemba 1939, na mpaka mpango ulipofungwa mwaka 1945 watu zaidi ya 131,000 walikuwa wamehitimu: marubani, waongoza njia, warusha mabomu, wapiga bunduki. Wanafunzi 856 walikufa humo humo mafunzoni, katika nchi ambayo haikuangukiwa na bomu hata moja la ndege za Ujerumani. Magee alipata mabawa yake ya urubani katikati ya mwaka 1941, akapelekwa Uingereza, akafika Llandow, kusini mwa Wales, kwenye kituo cha kuwazoesha vijana ndege za kivita. Hapo ndipo alipoishika Spitfire kwa mara ya kwanza. Hapo pia ndipo shairi lilipozaliwa, baada ya safari moja ya kimo cha zaidi ya futi 30,000. Aliliandika nyuma ya barua aliyowapelekea wazazi wake tarehe 3 Septemba 1941.

Mwezi huo huo akaingia Kikosi cha 412 cha jeshi la anga la Kanada, kilichokuwa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Novemba 8 alikwenda vitani kweli kweli. Kikosi kilisindikiza ndege za mabomu mpaka Lille, kaskazini mwa Ufaransa, kikashambuliwa njiani. Magee alikuwa katika kundi la ndege nne. Tatu zilitunguliwa, mojawapo ikiwa ya kamanda wa kikosi. Alirudi yeye peke yake.

Niliposema hivyo mtoto wa kaka yangu alilitazama shairi lake upya, akalifunika kwa kiganja.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Desemba 1941, Magee alipaa kutoka Wellingore, uwanja mdogo ulio tawi la kituo cha anga cha Digby. Ndege yake ilikuwa Spitfire ya aina ya tano, namba AD291. Haikuwa safari ya vita, yalikuwa mazoezi. Walipokuwa wakirudi, ndege nne zilishuka kwa kasi kupitia tundu katika mawingu. Chini kidogo tu ya mawingu, kwenye kimo cha futi 1,400 hivi, juu ya kitongoji kiitwacho Roxholme, Spitfire ya Magee iligongana na Airspeed Oxford, ndege ya mafunzo ya injini mbili iliyotoka chuo cha anga cha Cranwell. Oxford hiyo ilikuwa namba T1052, na rubani wake aliitwa Ernest Aubrey Griffin. Ilikuwa kama saa tano na nusu asubuhi. Wote wawili walikufa. Wote wawili walikuwa na miaka 19.

Kutoka siku aliyojiandikisha hadi siku aliyokufa, Magee alikuwa jeshini miezi 14.

Anga iliyojaa

Sasa tuanze kurudi nyuma. Lincolnshire ni nchi tambarare, inatazama bahari inayoitenganisha Uingereza na bara, na kwa sababu hizo mbili ilijazwa viwanja vya ndege. Kufikia mwisho wa vita vilikaribia 50 katika mkoa mmoja. Cranwell kilikuwa chuo cha anga tangu zamani. Kutwa nzima wanafunzi walikuwa wakipaa na kutua. Digby na Wellingore vilikuwa vya ndege za kivita. Ukichora kwenye ramani, viwanja hivyo vitatu haviachani hata kilomita kumi. Ndege ya kivita inayoshuka kwa kasi inaumaliza umbali huo ndani ya dakika moja.

Kwetu hapa, viwanja vya Kajjansi na Entebbe vimeachana zaidi ya hapo. Na bado, kila ndege ndogo ya Kajjansi iliposogea kuelekea ziwani wakati ndege kubwa inashuka, mimi nilikuwa nikikaa wima kwenye kiti. Nilikuwa na redio. Nilikuwa na rada. Nilikuwa na utaratibu ulioandikwa, unaosema nani apite wapi na kwa kimo gani.

Roxholme hakukuwa na mtu kama mimi. Rada za Uingereza za wakati ule ziliwekwa pwani na kuelekezwa baharini, kumtazamia adui. Ndege ikishavuka pwani ilifuatwa kwa macho na masikio ya watu waliokaa vilimani na darubini. Mfumo huo ulikuwa mzuri sana wa kujibu swali la kama adui amekuja. Kuwatenganisha mwanafunzi wa Cranwell na rubani wa Digby haikuwa kazi yake. Jambo hilo liliachiwa macho ya marubani wenyewe.

Lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mawingu. Watu husema mawingu huficha, na ni kweli, lakini ajali hii haikutokea ndani ya wingu. Ilitokea chini yake tu. Nilimchorea kijana kwenye meza kwa unga wa chai. Mwanafunzi ambaye hajafika mahali pa kuruka ndani ya mawingu hukaa chini yake. Tena hupenda kukaa juu kadiri anavyoweza, maana amefundishwa kwamba kimo ni akiba: injini ikizimika, kila futi ni nafasi ya kutafuta shamba la kutua. Kwa hiyo wanafunzi hukusanyika katika ukanda mwembamba, wakiugusa karibu upande wa chini wa mawingu. Wakati huo huo walio juu lazima warudi nyumbani, na pakitokea tundu wote huliendea tundu hilo. Njia panda inajitengeneza yenyewe, bila alama, na kila siku inakuwa mahali tofauti kwa sababu wingu halitulii. Ndege zenye mwendo mkubwa zinatoka juu, zenye mwendo mdogo zinapita chini, na kati yao kuna pazia.

Rubani anayepita kwenye tundu hilo ametoka kwenye mwanga mkali wa juu ya mawingu, ambako jua la Desemba la kaskazini hukaa chini na kuchoma macho. Ghafla yuko kwenye kijivu. Jicho linahitaji muda kuzoea. Kwa kasi ile hakuna muda.

Halafu kuna suala la kundi. Ndege nne zikishuka pamoja, mmoja anaongoza, na watatu kazi yao ya kwanza ni kumtazama mwenzao wasimgonge. Ni kazi ngumu, inayoyanywa macho yote. Hata yule anayetaka kutazama mbele na chini anazuiwa na Spitfire yenyewe: pua yake ni ndefu, injini kubwa imekaa mbele ya rubani, na mabawa yapo chini ya kiti chake. Ndege ya kupendeza kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, wanasema waliozirusha, na sina sababu ya kubishana nao. Lakini ukishuka nayo, yaliyo chini ya pua yako huyaoni.

Kitu kisichosogea

Hapa kijana akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. "Lakini shangazi, Oxford si ndogo. Ina injini mbili. Kweli hawakuonana?"

Nikamwambia afikirie bodaboda mbili zinazoelekea njia panda moja, kila moja kwenye barabara yake, mwendo usiobadilika. Kama zitafika pamoja, basi dereva wa kwanza atamwona wa pili mahali pale pale: juu ya kioo cha kushoto, tuseme, na atabaki hapo hapo juu ya kioo mpaka mwisho. Hasogei mbele wala nyuma. Anakua tu. Jicho la binadamu limeumbwa kushtushwa na kinachosogea. Nyoka akitulia humwoni, akijitikisa unaruka. Ndege ambayo mtagongana nayo imetulia kwenye kioo chako kama doa la uchafu, na huanza kukua kwa kasi mwishoni kabisa, wakati mkono wako hauna tena la kufanya.

Katika mafunzo ya usalama wa anga hutajwa hesabu ya sekunde 12.5: huo ndio muda wa jicho kuona, akili kutambua kwamba ile ni ndege na kwamba mnagongana, kuamua uende upande gani, mkono kusukuma usukani, na ndege yenyewe kuitikia. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ndege mbili zinakaribiana kwa jumla ya kilomita 600 kwa saa. Katika sekunde 12.5 zinaula umbali wa kilomita mbili. Mabawa ya Oxford, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 16 na kidogo. Kitu cha mita 16 kikiwa umbali wa kilomita mbili kinaonekana kwa upana pungufu kidogo ya mwezi mpevu, tena bila mwanga wake, kikiwa na rangi iliyofifia juu ya mashamba ya kijivu. Hapo ndipo ungepaswa kuwa umeshakiona. Na Magee, aliyekuwa ndio kwanza ametokea chini ya mawingu, hakupewa hata hizo sekunde 12.5.

Naye Griffin? Yeye hatari yake ilitoka juu, mahali ambapo mwanafunzi hana sababu ya kutazama. Macho ya mwanafunzi yako kwenye mishale ya vipimo, kwenye upeo wa mbele, kwenye uwanja aliotoka. Ndege nne za kivita zilizotobolea kwenye dari juu ya kichwa chake hazikuwa sehemu ya somo la siku ile.

Nimewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kana kwamba Magee alikuwa mtundu, kijana wa mashairi aliyelewa anga. Siukubali usimulizi huo. Kushuka kwa kundi kupitia tundu ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kurudi nyumbani siku yenye mawingu. Mtu hashuki peke yake kwa ulevi wa mashairi akiwa na wenzake watatu pembeni.

Kifuniko

Sehemu hii niliiacha mpaka mwisho wa chai, na nusura nisiiseme.

Katika uchunguzi uliofuata, mkulima mmoja aliyekuwa chini alieleza alichokiona. Alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kukisukuma nyuma kifuniko cha kioo juu ya kichwa chake. Kikafunguka hatimaye. Rubani akasimama, akaruka nje. Lakini ardhi ilikuwa karibu mno, parachuti haikupata nafasi ya kufunguka.

Futi 1,400 ni mita 430 hivi. Jiwe likiachwa kutoka kimo hicho, hata usipohesabu upinzani wa hewa, linafika chini kwa sekunde tisa na kidogo. Ndege iliyovunjika haianguki kama jiwe, na pengine inakuongezea sekunde kadhaa, au kama ilikuwa tayari inashuka kwa kasi, inakunyang'anya. Katika sekunde hizo unapaswa kuelewa kwamba ndege imekufa, kufungua mikanda, kuchomoa waya wa redio na mpira wa hewa ya oksijeni, kukishika kifuniko na kukirudisha nyuma kwenye reli zake, kusimama dhidi ya upepo, kutoka, kujiepusha na mkia, kuvuta mpini wa parachuti, na kisha kitambaa chenyewe kijae hewa. Kifuniko cha Spitfire kilijulikana kwa ugumu wake ndege inapokwenda kasi. Ndiyo maana mlangoni mwa chumba cha rubani waliweka mtaimbo mdogo wa kukivunjia. Viti vinavyomrusha rubani nje havikuwapo bado katika ndege za Uingereza. Mtu wa kwanza kurushwa angani na kiti cha Martin-Baker, kampuni ya Uingereza, alirushwa Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Ninachotaka kijana wangu akione hapa ni kwamba Magee alikuwa akifanya kila kitu sawa. Hakuganda. Alifungua, akasimama, akaruka. Mwili wake uliyakumbuka mafunzo yote. Upungufu ulikuwa wa mita, na hizo mita hazikupotezwa na mikono yake. Zilikuwa zimekwisha kabla hajagongwa, pale ilipokubaliwa kwamba ndege za aina mbili zikutane chini ya mawingu kwa kimo kile bila mtu wa kuzitenganisha.

"Alikuwa anajua?" kijana akauliza.

"Alikuwa na kazi nyingi mno, mwanangu." Hilo ndilo jibu nililoweza kutoa, na ninaliamini.

Wa pili

Magee alizikwa Scopwick, kijiji kilicho karibu na Digby. Jiwe la kaburi lake limeandikwa mstari wa kwanza na wa mwisho wa shairi. Siku aliyokufa ndiyo siku Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Marekani, siku nne baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, na Marekani ilikuwa na kiu ya kijana wa kumlilia. Baba yake alikuwa sasa kasisi Washington. Shairi likachapwa kwenye karatasi za kanisa, na mwanzoni mwa 1942 likawekwa katika maonyesho ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kutoka hapo halikusimama. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka na watu saba ndani, Rais Reagan aliazima maneno ya kijana huyu kulifariji taifa.

Griffin hakuacha shairi. Ukisoma jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa mahali pengi, Magee "aligongana na ndege nyingine". Ndege nyingine! Kama vile ndege huruka bila mtu. Naye alikuwa na miaka 19, naye alivalia sare asubuhi ile, akapewa namba ya ndege, akatia saini. Naye alikuwa na mama.

Na hili si suala la huruma tu. Ukimtoa Griffin kwenye kisa, sababu ya ajali inatoka pamoja naye. Kinabaki kisa cha mshairi na mawingu, cha mtu aliyepanda juu mno akaitwa nyumbani, na hakuna cha kujifunza humo isipokuwa kulia. Ukimrudisha Griffin, unaona viwanja viwili, unaona mawingu, unaona ukanda ule mwembamba na tundu lake, na maswali yanaanza kuja yenyewe. Nani aliwaambia Cranwell kwamba ndege za Wellingore zinarudi? Kwa nini zishuke juu ya eneo la wanafunzi? Kungekuwaje kama siku za mawingu ya chini wanafunzi wangebaki upande mmoja wa barabara na wapiganaji upande mwingine?

Vita vile viliua vijana wengi kwa namna hii kuliko watu wanavyodhani. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza peke yake walikufa 55,573, na kati yao maelfu kadhaa walikufa katika ajali za mazoezi na safari zisizo za vita. Marekani ilipoteza watu wapatao 15,000 wa jeshi la anga ndani ya nchi yake yenyewe, kabla hawajamwona adui. Barua waliyopelekewa wazazi haikuwa na nafasi ya kueleza mawingu.

Nyumbani

Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta nne za jeshi letu zilikuwa zikielekea Somalia kupitia Kenya. Moja, ya aina ya Mi-17, ilifika Garissa. Zile tatu nyingine, za aina ya Mi-24, zote zilianguka Mlima Kenya. Wapo waliookolewa, wapo waliorudishwa wakiwa kwenye majeneza. Tarehe 28 Januari 2020, Jumanne, helikopta ya Jet Ranger ikiwa kwenye mafunzo ilianguka upande wa Butambala na Gomba, na mwalimu na kadeti wake wakafa pamoja, siku yenye hali mbaya ya hewa. Majina yao sitayaandika hapa. Familia zao zinatembea barabara hizi hizi tunazotembea.

Nimehudhuria mazishi ya watu wa anga, zaidi ya moja. Kuna bendera, kuna risasi za heshima, afande anasoma wasifu, mchungaji anasema Mungu amemchukua aliye bora. Yote hayo ni ya haki na sitaki yapungue. Lakini nimeona pia jinsi sifa zinavyoweza kufunga mlango. Mtu akishaitwa shujaa, anayeuliza wingu lilikuwa kimo gani anaonekana anataka kumvua ushujaa wake. Mama mmoja alinishika mkono makaburini, akijua kazi yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini walikuwa wanaonana?" Watu wawili waliokuwa karibu walimnyamazisha kwa upole. Swali lake ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na nilimjibu nyuma ya hema, kwa kadiri nilivyojua, nikimchorea na kijiti kwenye udongo.

Mtoto wa kaka yangu alilala kwenye kochi usiku ule. Asubuhi nilimkuta anaandika kwenye daftari lake, pembeni mwa shairi, kwa kalamu ya risasi: T1052, na chini yake jina. Shairi hakulibandua, wala sikutaka alibandue. Ni zuri.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Soroti kwa shughuli za familia, nikasimama nje ya uzio wa uwanja mchana. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Lira, na ndege ndogo mbili za chuo zilikuwa angani. Simjui aliyekuwa kwenye ya kwanza. Ya pili ilikuwa yake, alikuwa ameniambia saa yake. Alikuja akizunguka uwanja kwa kimo kile kile, na kabla ya kuanza kushuka alilinyanyua bawa la kushoto, akaliacha juu kwa muda akitazama chini yake, akalirudisha, akanyanyua la kulia. Kisha akashuka.